Nta ya Mgomba kwa Mdomo wa Tarumbeta

Joselyne na Clarisse, mliniambia niandike kabla sijasahau. Kusahau bado, lakini mikono imetangulia. Tangu mwezi uliopita siwezi tena kumimina mafuta ya moto kwenye kikopo kidogo kama kizibo bila kumwagia meza, na meza haina midomo. Basi sufuria nimewaachia ninyi niliowafundisha kazi. Yale ambayo sufuria haiwezi kuwaambia nayaandika hapa, kwa Kiswahili nilichofundishwa shuleni Bukavu. Ila watu nitakaowataja nitawaacha waseme kama tunavyosema.

Watu wakiniuliza nilifanya kazi gani miaka yote hii hapa Gihundwe, najibu: mafuta ya midomo. Wengi husubiri niendelee, wakidhani kazi yenyewe bado sijaitaja. Msijisumbue kuwaeleza. Ngojeni kiangazi, watakuja wenyewe, wameshika mdomo kwa kiganja.

Mimi pia nilianza hivyo. Tulikuwa tumetoka Congo na familia, tumerudi kwenye nchi ambayo wazazi wangu waliiita kwetu nami niliijua kwa masimulizi tu. Kiangazi cha kwanza midomo yangu ilipasuka hadi nikawa nacheka kwa macho. Sokoni Kamembe kulikuwa na mama mmoja wa kabila la Washi, Maman Furaha, aliyevuka mpaka kutoka Bukavu kila siku ya soko na madumu ya mafuta: mawese, mafuta ya mise yanayokamuliwa kwenye kokwa za chikichi, mafuta ya mbarika, yaani nyonyo. Nilikwenda kununua mawese ya kupikia. Yeye hakuangalia chupa yangu, aliangalia kinywa.

"Maman, mudomo yako inapasuka sawa matope ya kiangazi. Unailambaka?"

"Inakauka, ndiyo maana nailamba."

"Acha! Mate njo inaikula. Kaa hapa."

Nilikaa juu ya dumu. Akanishika mkono, akaupapasa. "Mukono iko na mafuta yake. Uso iko na yake. Kichwa, vilevile. Mudomo? Hakuna. Mungu aliiacha uchi." Akanipaka kitu kutoka kikopo cha zamani cha vidonge, na kabla sijafika nyumbani nikaweza kufunga kinywa bila kuumia.

Mwajua, tangu siku ile sijaacha kushangaa. Tunasali kwa midomo, tunabusu watoto kwa midomo, tunapuliza uji wa moto, tunatukanana pia, na ngozi yenyewe haina hata tone la mafuta yake. Nikitazama watu kanisani nilikuwa naona vinywa tu, vyote vitupu, vyote vinaomba. Padri angejua nilichokuwa nikiwaza wakati wa mahubiri angenipa kitubio.

Wiki iliyofuata nilimwomba anifundishe. Alinifundisha jikoni kwangu, kwa sufuria mbili, ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Maji yatokote taratibu, mafuta yasitokote kamwe. Kila chombo kikauke kabisa, maana tone moja la maji litaota ukungu ndani ya kikopo, na mteja atakifungua mbele ya mama mkwe wake. Nta iyeyuke kwanza, ndipo mafuta ya mbarika ya kung'ang'ania, ndipo mafuta ya avokado, yale tunayokamua kwa maavokado yaliyoiva kupita kiasi. Kisha dondosha tone kwenye sahani ya bati iliyopoa, hesabu hadi mia, ubonyeze kwa ukucha. Likiteleza, nta haitoshi. Likivunjika vipande, nta imezidi. Ukucha ukiacha alama ikabaki hapo, mimina. Kipimo hicho ni ukucha wangu wa kidole cha shahada. Nimeutunza kuliko cheti cha ubatizo.

Na alikuwa na sheria moja isiyovunjwa: kinywa chako kwanza. Dawa mpya unaivaa wewe uliyeipika, siku tatu, usiku na mchana, ndipo umpe mtu. "Usipeleke ku kinywa ya mwenzako kitu chenye yako haijue," alisema. Nikaishika sheria hiyo kama amri ya kumi na moja. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kinywa changu kimeona dawa nyingi kuliko duka la dawa.

Nta tuliyotumia wakati huo ilikuwa ya nyuki, kutoka kwa wafugaji wa huko juu karibu na msitu. Ilikuwa nzuri, ya njano, ikinukia. Niliipenda sana, na mtaona kupenda huko kulinifikisha wapi.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la joto. Nilipika, nikavaa siku tatu, ikakaa vizuri kama kawaida, nikawapelekea akina mama wanaolima mpunga Bugarama. Gihundwe kuna upepo wa ziwa. Bugarama ukishuka gari unahisi umefungua oveni. Jumapili hiyohiyo mmoja wao alifungua mkoba wake kanisani akakuta kikopo kimeyeyuka chote ndani ya kitabu cha nyimbo. Aliniletea kitabu chenyewe. Kurasa zilikuwa zinaangaza, unaona wimbo wa upande wa pili bila kugeuza. Nikajifunza, nikaongeza nta, nikapeleka iliyobaki kwenye vilima vya Butare. Butare yetu ya Rusizi, kwenye baridi, si ule mji mkubwa wenye jina hilo. Huko walinirudishia wakisema nimewauzia sabuni ngumu isiyotoa povu.

Maman Furaha alicheka hadi akashika ubavu. "Vero," akasema, "mudomo yako si mudomo ya batu bote." Nilidhani anazungumzia hewa ya mahali. Nikaandika kwenye daftari: Bugarama nta zaidi, Butare nta kidogo. Nikaona nimeelewa.

Sasa nifike kwa Espérance.

Espérance alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nkanka, na siku za Mungu, yaani Jumapili, alipiga tarumbeta katika fanfare, bendi ya parokia. Mnamjua sasa ana kichwa cheupe, wakati huo alikuwa msichana mwembamba mwenye mashavu yanayojaa ghafla kama mfuko wa hewa. Tarumbeta ile ilikuwa ya baba yake. Mzee alivuka nayo kutoka Bukavu wakati wa kurudi, imefungwa ndani ya blanketi, akamfundisha binti yake kuipiga, na kabla hajafa akaitoa sadaka kwa kanisa. Kitu kikishatolewa kwa Mungu hakiombwi tena. Kwa hiyo Espérance aliishika tarumbeta ya baba yake kwa ruhusa ya kanisa, na ruhusa hiyo ilikuwa mdomoni mwake: anayeweza kupiga ndiye anayeishika.

Alinijia mwezi wa sita, mdomo wa juu umepasuka katikati kabisa, pale chuma kinapokaa. Nikampa kikopo changu bora, nta ya njano, nimeivaa siku tatu, safi. Nikamwambia apake baada ya kupiga na afute kabla ya kupiga, maana mdomo unaoteleza haushiki tarumbeta. Baada ya wiki alirudi, nyufa zimekuwa mbili. Nikamwambia apake zaidi. Akapaka zaidi. Akarudi midomo imevimba, inawasha, pembeni inatoa majimaji.

Nilimshuku yeye. Naandika hivi ili mniogope kidogo na mjiogope zaidi. Nikamuuliza kama analamba. Nikamuuliza kuhusu pilipili. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesomea, "Dawa hii mimi mwenyewe naivaa. Ona kinywa changu!" Nikamnyooshea kinywa changu, laini kama cha mtoto mchanga. Maskini alikitazama akajiona mkosaji.

Halafu alikuja Papa Silas, kiongozi wa fanfare. Mtu mpole, fundi wa baiskeli, hakupenda alichokuja kusema. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Maman Vero, uniambie kweli. Ule mutoto atapona?"

"Atapona, Papa."

"Lini? Tarehe kumi na tano ya mwezi wa munane ni sikukuu ya Bikira Maria, na fanfare njo inafungua misa. Asipopiga ku Siku ya Mungu ya kwanza ya ule mwezi, nitamupatia mwengine tarumbeta, apate wakati ya kujifunza. Na mwengine akishaishika..." Akazungusha kofia. "Tarumbeta ni moja, Maman. Haiwezi kukaa ku ukuta sawa foto."

Alipoondoka nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikahisi vibaya sana. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku kadhaa. Binti angempoteza baba yake mara ya pili, na safari hii kupitia kikopo changu.

Siku ya soko nilimchukua Espérance hadi kwa Maman Furaha. Nilimweleza yote, nikamwonyesha kikopo, nikamwonyesha na kinywa changu tena. Hakukitazama. Alimkalisha Espérance juu ya dumu, palepale nilipokalishwa mimi miaka ile, akamwinua kidevu.

"Mutoto wangu, ukikula buki, mudomo inafanyaka nini?"

Espérance akashangaa. "Asali? Siilaki, Maman. Tangu niko kadogo, nikiila mudomo inanivimba na koo inaniwasha. Ku kwetu bote banajua."

Mungu wangu! Wiki nzima na nyingine na nyingine nilikuwa nikimpaka nta ya nyuki, asubuhi na jioni, nikimsihi aongeze. Asali na nta vinatoka nyumba moja. Sikuwahi kumuuliza, wala sikuwahi kumuuliza mtu yeyote katika miaka yote niliyofanya kazi. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, na mimi mtu mzima nimeshindwa. Sheria ilisema kinywa changu kwanza, nami nikafanya kinywa changu kiwe cha kwanza na cha mwisho.

"Nilikuambiaka," Maman Furaha akasema polepole, bila kunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma. "Mudomo yako si mudomo ya batu bote."

Nikalia pale sokoni. Espérance ndiye aliyenibembeleza, kwa midomo ile iliyovimba.

Kuacha nta ya nyuki kulikuwa rahisi kusema. Lakini mafuta bila nta yanakimbia, hayakai mdomoni hata muda wa kusema Baba Yetu. Nilijaribu mafuta mazito ya mawese, yale yanayoganda chini ya dumu kukiwa na baridi. Kwa kufuata sheria niliyavaa kwanza mimi, nikaenda nayo misani, na mtoto mmoja akamuuliza mama yake kwa sauti kwa nini maman yule hakufuta mdomo baada ya kula. Nikajaribu mafuta ya mise. Asubuhi yameganda vizuri, saa sita yanatiririka kidevuni.

Siku ya soko iliyofuata Maman Furaha hakurudi ng'ambo, alilala kwangu. Asubuhi nilimkuta uani amesimama chini ya mgomba, amegeuza jani.

"Vero, kuya uone. Pitisha kidole."

Nilipitisha kidole mgongoni mwa jani. Kikatoka na unga mweupe. Nilishauona unga ule maisha yangu yote, kwenye nguo, kwenye mikono ya wanaobeba ndizi, nikaudhani vumbi. Akamwaga maji kwa kikombe juu ya unga. Maji yakakataa, yakajiviringa shanga shanga, yakaanguka. Jani likabaki kavu.

"Hii haina nyuki," akasema. "Hii mugomba anajipaka yeye mwenyewe. Jua inamupiga, upepo inamupiga, na hapasuke midomo."

Jamani! Nisemeje ili mnielewe? Nimepika miaka mingi nikijiona fundi, na mgomba uani kwangu ulikuwa unapika tangu kabla babu yangu hajazaliwa, bila sufuria, bila moto, na bila kumuuliza mtu.

Tulikwenda Nkanka, kwa mama yake Espérance, kwenye shamba linaloshuka hadi ziwani. Si kila mgomba una unga wa kutosha. Tulichagua ile yenye majani meupe mgongoni, tukakwangua kwa mgongo wa kisu juu ya kitambaa. Sisi watatu, kutwa nzima. Mama mwenye shamba alitoka akasimama mikono kiunoni.

"Munafanya nini na migomba yangu? Munainyoa ndevu?"

"Tunatafuta dawa ya mutoto wako," Maman Furaha akamjibu.

"Ku mugomba! Yesu Maria." Akaingia ndani. Baadaye akatoka na kisu chake.

Unga ule tuliutia kwenye maji yanayochemka. Uchafu ukazama, nta ikapanda, na maji yalipopoa ikakaa juu kama ngozi ya maziwa. Tuliiinua kwa kijiko. Kazi ya kutwa ya wanawake wanne ilikuwa saizi ya maharage matatu. Tuliiangalia kwa mbali, kila mmoja akiogopa kuipumulia.

Nta ya majani ni ngumu kuliko ya nyuki. Weka nusu ya mliyozoea, na mafuta ya mbarika zaidi, la sivyo itavunjika. Nilipika siku iliyofuata, mkono ukiwa bado imara, Mungu ashukuriwe. Tone, sahani, hesabu hadi mia, ukucha. Alama ikabaki. Kikopo kimoja tu, wala hakikujaa.

Nikataka kujipaka kwanza mimi. Maman Furaha akanishika mkono.

"Hapana. Leo hapana kinywa yako."

Akachukua kidogo sana, akampaka Espérance ndani ya kiwiko, pale ngozi ni nyembamba. Tukangoja siku mbili. Siku zile sikupika chakula cha maana, wanangu walikula mikate. Kiwiko hakikuwasha, hakikuvimba. Siku ya tatu akapaka mdomo.

Siku ya Mungu ya kwanza ya mwezi wa nane, mazoezini, Papa Silas alimpa tarumbeta. Sikuwepo. Niliogopa kwenda. Espérance alikuja baadaye jikoni, akasimama mlangoni, na nilipomwona anacheka kwa kinywa kizima nikajua. "Imetoka safi, Maman Vero! Imetoka safi!" Tukarukaruka wawili kama wendawazimu, sufuria zikaanguka.

Na siku ya sikukuu nilikaa benchi la mbele. Wote walitazama tarumbeta inavyong'aa. Mimi nilitazama mdomo. Na ndipo niliona kitu ambacho sikuwahi kukiona: chuma hakisemi. Anayesema ni mdomo. Ile ngozi tupu, isiyo na mafuta yake, iliyoachwa uchi, ndiyo inayotetemeka, na chuma kinabeba tu. Sauti ilipanda ikajaza kanisa, mama yake akainamisha kichwa, na mimi nikijua kwamba katika sauti ile kuna migomba ya Nkanka. Nilitetemeka pamoja nayo. Sijui kama nilisali, lakini kama hiyo haikuwa sala, basi sijui kusali.

Maman Furaha amekwisha kupumzika, huko kwao ng'ambo. Nta ya majani sasa tunaiagiza Kigali. Inatoka kwenye mti wa mbali sana, wa jamii ya michikichi, nao unajipaka majani yake kwa sababu ya jua. Mmekwisha kuizoea hadi mnaikata kama sabuni. Nawaomba, mara moja kwa mwaka, nendeni mkakwangue jani moja la mgomba, mfike jioni na kitu kisichojaza ukucha, ili mkate ile nyingine kwa adabu. Sheria ya Maman Furaha ibaki: kinywa chako kwanza. Ila iongezeeni miguu miwili aliyonifundisha kwa vitendo: muulize mwenye kinywa, na kiwiko chake kabla ya mdomo wake.

Wiki iliyopita, mlipokuja kuchukua sufuria, Espérance naye alikuja baada ya ninyi kuondoka. Amestaafu shule, lakini tarumbeta bado anaishika. Aliniona nikijaribu kumimina chai, sahani ya kikombe ikigongana na kikombe. Akaniuliza kwa nini nimeacha kazi. Nikamwonyesha mikono. "Inatetemeka," nikasema. "Fundi anayetetemeka amekwisha."

Alifungua mfuko, akatoa tarumbeta ya baba yake, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea mikononi. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani.

"Kinywa chako kwanza, Maman," akasema, na macho yake yalicheka.

Nikapuliza. Ikatoka hewa tu. Nikapuliza tena, ikatoka sauti kama mbuzi mgonjwa, na mbwa wa jirani akabweka. Tukacheka hadi machozi. "Usisukume," akaniambia. "Acha mudomo itetemeke. Isipotetemeka haiimbe."

Nikaacha. Midomo yangu mizee ikatetemeka, mikono yangu ikatetemeka, na kutoka ndani ya chuma kile ikatoka sauti moja, safi, ndefu, ikavuka ua, na mbwa akanyamaza.